Karani Aliyekataa Likizo

Nilipohamishwa kutoka Naivasha kuja ofisi yetu ya elimu ya Gilgil, kazi ya kwanza niliyopewa ni ile ambayo wenzangu wote walikuwa wameikwepa: kutengeneza ratiba ya likizo. Waraka ulikuwa umetoka makao makuu. Kila ofisi ilitakiwa kuandika nani ana siku ngapi za likizo ambazo hajachukua, atazichukua lini, nani atashika kazi yake akiwa hayupo, na mambo hayo yote yatakula pesa ngapi kwenye bajeti. Tulikuwa watu kumi na tisa. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya siku mbili.

Siku ya kwanza nilimaliza watu kumi na wanane. Siku tatu zilizofuata nilizimaliza na faili moja tu, ya Wamalwa.

Wamalwa alikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha mafaili kilicho mwisho wa korido. Barua yoyote iliyotoka shule yoyote ya eneo letu ilipitia mkononi mwake. Aliipiga muhuri, akaiandika kwenye rejista, akaipeleka kwa anayehusika, na ikirudi akaitia kwenye faili yake. Alikuwa na miaka arubaini na saba, mwembamba, mwenye sweta ya kijivu aliyofumiwa na mkewe, Nekoye, ambaye huuza mitumba sokoni Gilgil. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwendea kutaka faili hakukuuliza namba. Alikuuliza, "Ni ile shule ya kwa mteremko ama ile ya huko juu kwa baridi?" Kisha anakutolea bila kutafuta.

Sasa faili yake mwenyewe ilikuwa mezani kwangu, na ndani yake, katika miaka kumi na tisa ya kazi, hamkuwa na fomu hata moja ya likizo. Kulikuwa na ruhusa ya siku nne alipomzika babake, basi. Nilizidisha siku thelathini kwa miaka kumi na tisa, nikapata mia tano na sabini. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea.

Nikamfuata masjala.

"Mzee, hii faili yako iko na shida. Sioni fomu za likizo."

"Hazijapotea," alisema bila kuinua macho. "Hazijawahi kuwa."

"Kwa nini?"

Alisukuma droo ikafungika. "Madam Wangui, kuna kazi."

Jibu hilo halikunitosha. Nikaanza kuulizia, na nikagundua kwamba kila mtu ofisini alikuwa na maelezo yake. Dereva alisema mkewe ni mkali, na nyumbani hapakaliki. Mama anayepika chai alisema hapana, Nekoye ni mtu mpole sana, shida ni kwamba Wamalwa hajui kukaa bure, hata Jumapili baada ya kanisa huonekana akizungukazunguka. Lakini mhasibu wetu alisema neno ambalo lilinisumbua. Alishusha sauti: "Mtu anayeshika pesa ama mafaili akikataa likizo, jua kuna kitu amekalia. Akitoka, yule anayekuja atakiona. Hata wakaguzi hufundishwa hivyo."

Neno hilo halikukawia kumfikia mkuu wetu, Bwana Muiruri, mtu mwangalifu aliyebakisha miaka miwili kustaafu na ambaye hakutaka kishindo chochote katika miaka hiyo. Aliniita.

"Huyu akistaafu leo, adai siku zake zote, ni pesa ngapi?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ulikuwa mshahara wake wa miezi kumi na tisa, pesa zilizozidi mafuta ya gari letu la ofisi ya miaka mitatu.

Bwana Muiruri alivua miwani. "Anaenda. Siku thelathini, kuanzia Jumatatu. Na wewe utakaa kwa hicho kiti chake, ufungue macho."

Wamalwa alipoitwa kuambiwa, nilikuwa pale pale nikiandika. Alisimama wima kama anayesomewa hukumu.

"Bosi, nimekosea wapi?"

"Hujakosea mahali. Ni likizo tu. Mshahara wako utaingia kama kawaida."

"Hata wao waliambiwa hivyo," akasema.

"Wao nani?" Bwana Muiruri aliuliza.

Alishika njia ya masjala. Ijumaa jioni alinikabidhi ufunguo wa masjala, kisha akauliza kama akirudi kiti kitakuwa chake. Nikamwambia ndiyo. Akaniomba niandike. Nilidhani anatania, lakini alikaa akasubiri, basi nikaandika kwenye karatasi ya ofisi kwamba Bwana Wamalwa atarudi kazini mwake tarehe fulani, nikaweka sahihi na muhuri. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda zake.

Wiki ya kwanza nilipekua masjala kama polisi. Nilifungua kila droo na kuangalia nyuma ya kila kabati. Sikupata risiti ya uongo wala barua iliyofichwa, na hakuna faili iliyokosa ukurasa. Nilichopata ni utaratibu ambao sikuuelewa hadi siku ya tatu. Mafaili ya shule hayakupangwa kwa alfabeti. Yalifuata barabara. Ukianzia rafu ya mlangoni ulikuwa umetoka mjini. Ukiendelea ulipita shule za kando ya barabara kuu ya Nairobi, ukashuka zile za upande wa ziwa, kisha ukapanda, rafu baada ya rafu, mpaka shule za mwisho kule juu Eburru. Ramani nzima ya eneo letu ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa mafaili.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kusoma barua. Nyingi zilikuwa kavu, lakini kulikuwa na shule moja ya kutwa iitwayo Mvukeni, huko juu, ambayo barua zake zilinichekesha peke yangu. Zote ziliandikwa na mtu mmoja, sekretari wa shule, Chepchirchir. Moja ilianza hivi: "Tunaomba tena, kwa mara ya saba na kwa heshima ile ile, tangi la maji." Mwaka uliofuata: "Tangi limefika, tunashukuru. Halina kifuniko. Kunguru nao wanashukuru." Pembeni mwa barua hiyo, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko wa Wamalwa: "Kweli?"

Siku ya tisa simu ya ofisi ililia. Alikuwa Bwana Owino, mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo ya Mvukeni, na sauti yake haikuwa ya amani.

"Kwani mmetuma mkaguzi bila kutuambia? Kuna mzee hapa ameingia akiwa na sweta ya kijivu. Amezunguka tangi mara mbili. Ameuliza choo cha upande wa wasichana kilimalizwa mwaka gani, na aliyejua jibu ni yeye mwenyewe."

Bwana Muiruri aliposikia alipandwa na hasira. Mtumishi aliye likizoni anajifanya mkaguzi! Mhasibu alinitazama kwa jicho la "nilikuambia." Nikaagizwa niende nikaone kuna nini. Gari halikuwa na mafuta, nikachukua bodaboda.

Barabara ya kupanda huko ni ya vumbi jeupe, laini kama unga. Tulivyozidi kwenda juu ndivyo baridi ilivyoniingia mikononi, na kando ya njia nikaona moshi ukitoka ardhini katikati ya vichaka.

"Kuna moto huko?" nilimuuliza mwendeshaji.

"Hapana, madam. Ni mvuke. Hapa watu wanatega mvuke na mabomba, ikipoa inakuwa maji. Hiyo ndiyo wanakunywa."

Nilikuwa nimesoma faili yote ya shule hiyo, na jambo hilo sikuliona popote.

Langoni niliandikishwa jina, nikaelekezwa ofisi ya sekretari. Nilisikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Wamalwa, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kikombe cha chai kikitoa moshi mbele yake. Mbele yake alikaa mwanamke wa miaka arubaini hivi, kilemba cha buluu kichwani.

Wamalwa aliponiona alisimama haraka, chai ikamwagika. "Madam Wangui! Kuna faili imepotea?"

"Hakuna kilichopotea. Ni wewe tunatafuta. Wanasema unajifanya mkaguzi."

"Mimi?" Alishangaa kwelikweli. "Nilisema naitwa Wamalwa, nimetoka ofisi ya elimu. Wakaniletea kiti."

Yule mwanamke alicheka tena. "Ndiyo mimi nilijua si mkaguzi. Mkaguzi hajui kwamba mwaka wa kiangazi kile tulikosa chaki wiki tatu. Huyu alijua hata tarehe." Akanipa mkono. "Mimi ni Chepchirchir. Huyu mzee namjua miaka kumi na nne na sikuwa nimemwona. Kila barua yangu ikipokelewa, nakala inarudi na muhuri na herufi mbili ndogo, S.W. Huyo alikuwa ndugu yangu wa huko mjini."

"Na yeye," Wamalwa akasema, karibu kwa haya, "ndiye mtu pekee anaandika barua kama anaongea na mtu."

Nikaketi. Nilimuuliza Wamalwa likizo gani hii ya kuzunguka mashule. Akaniambia kwamba Jumatatu ya kwanza aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa, akafika barabarani, ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Alirudi akakaa. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano Nekoye alimwambia, kama huwezi kukaa, basi tembea. Si umekuwa ukiniimbia hizo shule miaka yote? Nenda uzione. Alianza na zile za karibu, kwa miguu. Mvukeni ilikuwa ya sita.

"Nimeandika majina haya miaka kumi na tisa," alisema. "Nilitaka kujua kama ni kweli ziko."

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kurudia swali langu la kwanza. "Mzee, si ungezitembelea zamani? Kwa nini hukuwahi kuchukua likizo?"

Alitazama mlango uliokuwa wazi. Chepchirchir aliinuka akafunga mlango, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aseme.

Babake alikuwa fundi wa reli, Nakuru. Walikaa katika nyumba za shirika, chumba kimoja na jiko la nje, watoto watano. Wakati ule wa miaka ya tisini, watu walipoanza kupunguzwa kazi, babake aliambiwa achukue likizo yake ya mwaka, yenye malipo kamili, aende nyumbani Bungoma akavune mahindi. Akaenda kwa furaha, akamnunulia nyanya yake Wamalwa blanketi. Alipokuwa huko, orodha ilibandikwa langoni, na jina lake likiwemo. Wamalwa alikuwa kidato cha pili. Alitoka shule akamkuta mamake amekaa nje juu ya godoro, vyombo vimepangwa kando yake vizuri, kama vya kuuzwa, na mlango una kufuli jipya.

"Baba hakulaumu kufutwa," Wamalwa alisema. "Wengi walifutwa. Alisema kitu moja tu, mpaka akafa: 'Kama ningekuwepo, wangenitazama usoni.' Basi mimi nikaapa nitakuwepo."

Niliona aibu kwa kupekua droo zake, na aibu hiyo sijaimaliza hadi leo.

Chepchirchir ndiye aliyesema kwanza. "Mzee, wewe ulikataa likizo. Mimi sijapewa ya kukataa."

Wamalwa aligeuka. "Vipi?"

Akatueleza, bila kulalamika, kama anayesoma ratiba. Yeye hakuajiriwa na serikali kama sisi. Aliajiriwa na bodi ya shule. Shule zikifungwa Desemba, yeye yuko mezani akipokea wanafunzi wapya na kuchapa matokeo. Aprili zikifungwa anaambiwa akae nyumbani, lakini mwezi huo analipwa nusu, kwa sababu "shule imefungwa." Siku nyingine zote yupo. Mtoto wake wa pili alizaliwa Jumamosi, na Jumanne ya wiki ya tatu alikuwa hapo akichapa mitihani.

"Lakini sheria inasema siku ishirini na moja kwa mwaka, na malipo," nilisema.

"Sheria nimeichapa mimi mwenyewe, kwa mkataba wa kila mtu," alijibu. "Iko kifungu cha sita. Lakini kwa bajeti hakuna mahali imeandikwa. Na kitu haiko kwa bajeti, haiko."

Wamalwa alirudi kukaa. Aliuliza swali moja, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona barabara ambayo haiko kwenye rafu zake: "Na wengine?"

Chepchirchir hakujua. Mimi pia sikujua. Ofisi nzima ya elimu, na makabati yake yote, haikuwa na karatasi moja inayosema masekretari wa shule hupumzika lini.

Nilirudi mjini nikamweleza Bwana Muiruri kwamba hakuna mkaguzi bandia, ni mtu aliye likizoni tu. Nilimwambia pia habari ya orodha ya reli, ingawa sina hakika kama nilikuwa na ruhusa. Alisema, "Kumbe," na akatazama nje ya dirisha kitambo kirefu. Mhasibu hakuulizwa tena maoni yake.

Wamalwa alimaliza siku zake ishirini na moja zilizobaki akitembea. Sasa hakuwa akiangalia matangi na vyoo peke yake. Alikuwa na swali. Aliporudi, asubuhi ya kwanza, alinishukuru kwa kutoharibu mpango wa mafaili, kisha akaniwekea mezani karatasi moja. Alikuwa amefika shule kumi na nne za sekondari. Katika hizo, masekretari wawili tu ndio waliokuwa wakipewa likizo yenye malipo. Mmoja hakuwahi kusikia kwamba kitu hicho kipo.

"Wewe ndiye mtu wa ratiba," akaniambia. "Tafuta hiyo inagharimu nini."

Niseme ukweli, nilidhani itakuwa hesabu kubwa, ndiyo maana wakuu wa shule huikimbia. Nilianza na Mvukeni. Mshahara wa Chepchirchir tayari ulikuwa kwenye bajeti, awepo asiwepo. Kilichoongezeka ni malipo ya mtu wa kushika nafasi yake siku ishirini na moja, ambayo kwa bei ya huko ni kama shilingi elfu kumi na mbili na mia sita, pamoja na ile nusu ya mshahara wa Aprili waliyokuwa wakimkata. Wanafunzi ni mia tatu na kumi. Nilipogawanya, ile gharama ya mtu wa kushika nafasi ilikuwa kama shilingi arubaini kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mandazi manne. Nilimwonyesha Wamalwa. Aliitazama hesabu hiyo kwa muda.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Basi si pesa," alisema. "Ni kwamba hakuna aliyeuliza."

Kwenye mkutano wa wakuu wa shule muhula wa tatu, Bwana Muiruri aliweka jambo hilo kwenye ajenda, nambari ya mwisho, kabla ya maombi ya kufunga. Nilisimama nikasoma takwimu. Bwana Owino alipinga kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli tupu kwamba pesa za serikali huja nusu na huja zikiwa zimechelewa, na kwamba yeye anadaiwa pesa za kuni za jikoni. Mwalimu mkuu mwingine alisema sekretari wake akitoka siku ishirini na moja shule itasimama.

Wamalwa, aliyekuwa amekuja kugawa nakala tu, aliinua mkono. Sijui nani alishangaa zaidi, sisi au yeye.

"Walimu," alisema, "kama mtu mmoja akitoka shule inasimama, huyo si wa kunyimwa likizo. Huyo ni wa kuogopewa."

Walicheka, na kicheko kilisaidia kuliko takwimu zangu. Lakini sitadanganya kwamba mambo yalimalizika pale. Shule tisa ziliweka kifungu cha likizo kwenye bajeti ya mwaka uliofuata. Tatu zilisema zitafikiria, na hadi sasa zinafikiria. Mvukeni, bodi ilibishana vikao viwili. Wazazi ndio waliomaliza ubishi waliposikia ni shilingi arubaini. Mzee mmoja aliuliza kwa nini wanapotezewa mchana kwa sababu ya bei ya mandazi. Chepchirchir alipewa siku kumi na nne kwanza, zilizobaki zitasubiri mwaka mwingine.

Alinipigia simu siku ya tano ya likizo yake. Alikuwa kwa dadake, Linah, anayefanya kazi katika shamba la maua na kuishi Karagita, karibu na Ziwa Naivasha. Alisema siku mbili za kwanza alilala mpaka watoto wakamletea jirani amwangalie kama ni mgonjwa. Sasa alikuwa ameshinda mchana kutwa kando ya ziwa akiangalia viboko, na aliyeshika nafasi yake alikuwa amempigia mara sita kuuliza muhuri unawekwa wapi.

"Na umemwambia?"

"Nimemwambia mara ya sita. Zile tano nilikuwa naangalia viboko."

Kuhusu zile siku mia tano na sabini za Wamalwa, tuliandikia makao makuu. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: siku za miaka iliyopita zimepotea, na hazilipwi wala kuchukuliwa. Nilimpelekea barua mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kwa maneno ya kumpoza. Aliisoma, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaiandika kwenye rejista. Kisha akaniuliza kama ninajua mtu yeyote Olenguruone, kwa sababu Nekoye anataka kuona mahali chai inapolimwa, na wao wawili hawajawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda matanga.

Nilimpa namba ya shangazi yangu anayeishi huko. Akaijaza kwenye fomu ya likizo, pale palipoandikwa "Anwani utakapopatikana," kwa mwandiko wake ule mdogo, akanipa niweke sahihi.